Leseni ya urubani ya Ulaya nchini Marekani: kwa nini haibadilishwi, na ni njia zipi zilizopo

Rubani aliyefuzu Ubelgiji, Ufaransa au Ujerumani na kupewa leseni ya urubani wa kibiashara anaruhusiwa kulipwa kwa kazi ya kurusha ndege katika nchi zote za Umoja wa Ulaya. Akishuka New York akiwa na leseni hiyohiyo mfukoni, haruhusiwi kubeba hata abiria mmoja kwa malipo katika ndege iliyosajiliwa Marekani. Ujuzi wake haujapungua, wala leseni yake haijafutwa. Kilichobadilika ni sheria inayoitawala ndege anayotaka kuirusha.

Kwa familia za Waswahili zilizotawanyika kati ya Maziwa Makuu, Ulaya na Amerika Kaskazini, suala hili si la kinadharia. Mafunzo ya urubani barani Ulaya hugharimu makumi ya maelfu ya Yuro, na mara nyingi fedha hizo hutokana na mkopo au michango ya ukoo mzima. Kijana anayehamia Marekani akidhani kwamba atabadilishiwa leseni dirishani, kama abadilishavyo fedha, huweza kupoteza miezi mingi na kulipia mafunzo asiyoyahitaji. Makala haya yanaeleza sheria ilivyo, sababu zake, na mpangilio wa hatua zinazomfikisha rubani kwenye cheti cha Marekani.

Leseni hufuata bendera ya ndege

Msingi wa jambo hili ni Mkataba wa Chicago kuhusu usafiri wa anga wa kimataifa, uliotiwa saini tarehe 7 Desemba 1944. Ndio mkataba uliozaa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lenye makao yake makuu mjini Montreal. Kifungu cha 32 cha mkataba huo kinasema kwamba rubani wa ndege inayofanya safari za kimataifa sharti awe na leseni iliyotolewa, au iliyokubaliwa rasmi, na nchi ambamo ndege hiyo imesajiliwa. Kifungu cha 33 kinazitaka nchi nyingine ziitambue leseni hiyo, mradi masharti yaliyotumika kuitoa hayako chini ya viwango vya kimataifa.

Maana yake ni kwamba leseni hufuata bendera ya ndege, si uraia wa rubani wala ardhi anayotua. Kila ndege huandikwa ubavuni alama za usajili zinazoanza na herufi za nchi yake: OO kwa Ubelgiji, F kwa Ufaransa, D kwa Ujerumani, 9U kwa Burundi, 5H kwa Tanzania, na N kwa Marekani. Rubani mwenye leseni ya Ubelgiji anaweza kuitua New York ndege yenye alama ya OO bila kuulizwa leseni ya Marekani. Lakini akihamia kwenye kiti cha ndege yenye alama ya N na kutaka kulipwa kwa kazi ndani ya Marekani, atahitaji karatasi za Marekani.

ICAO huweka viwango vya chini tu. Kila nchi ina uhuru wa kuongeza masharti yake. Umoja wa Ulaya unatumia kanuni namba 1178 ya mwaka 2011, inayosimamiwa na Shirika la Usalama wa Anga la Umoja huo, EASA, kwa ushirikiano na mamlaka za kila nchi mwanachama. Marekani inatumia kanuni zake, hasa sehemu ya 61 ya kanuni za shirikisho za usafiri wa anga, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya nchi hiyo, FAA. Mifumo hii miwili ina shabaha moja, yaani usalama, lakini kila mmoja hupima ujuzi kwa mizani yake.

Makubaliano yaliyopo na mahali yanapokomea

Ni kweli kwamba Umoja wa Ulaya na Marekani wana makubaliano ya usalama wa anga. Yalitiwa saini tarehe 30 Juni 2008 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2011. Hapo mwanzo yalihusu zaidi utengenezaji na matengenezo ya ndege. Baadaye yalipanuliwa hadi kwenye leseni za marubani, na taratibu za utekelezaji wa sehemu hiyo zilianza kutumika mwezi Mei 2021.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Taratibu hizo zinahusu leseni ya rubani binafsi, yaani yule anayeruka bila kulipwa, pamoja na idhini ya kuruka usiku na idhini ya kuruka kwa kutegemea vifaa, katika ndege za nchi kavu zenye injini ya pistoni. Leseni ya kibiashara haimo. Mwenye leseni ya kibiashara ya Ulaya anaweza kuutumia mlango huo, lakini atatoka upande wa pili akiwa na cheti cha rubani binafsi.

Kwa kulinganisha, Marekani na Kanada zina utaratibu tangu mwaka 2006 unaogusa pia leseni za kibiashara na zile za marubani wa mashirika makubwa ya ndege. Kwa hiyo jamaa anayesimulia kwamba alibadilisha leseni yake ya kibiashara ya Kanada kwa urahisi husema kweli, ila simulizi lake halimsaidii aliyefuzu Brussels au Paris. Ni vyema kukumbuka pia kwamba tangu mwanzoni mwa mwaka 2021 leseni za Uingereza si leseni za EASA tena, kwa sababu nchi hiyo ilijitoa katika Umoja wa Ulaya. Mwenye leseni ya Uingereza asijiweke katika kundi la wenzake wa bara.

Neno "kubadilisha", ambalo hutumiwa sana katika matangazo ya vyuo, kwa hiyo linapotosha. Katika kubadilisha, mtu hutoa kimoja akapokea kingine. Hapa rubani haitoi leseni yake ya Ulaya. Anabaki nayo, kisha anatafuta cheti cha pili kwa mitihani mipya, huku saa alizokwisha kuruka zikihesabiwa kwa manufaa yake. Saa hizo ndizo mtaji halisi anaouvusha bahari.

Hatua ya kwanza: barua ya uthibitisho

Mbali na makubaliano hayo, kanuni za Marekani zina kifungu cha zamani, namba 61.75, kinachowahudumia marubani wa nchi zote wanachama wa ICAO. Kwa kifungu hicho FAA humpa mwenye leseni ya kigeni cheti cha rubani binafsi bila kumfanyisha mtihani wa kuruka. Leseni yake ya kigeni iwe ya kibiashara au ya juu zaidi, atakachopewa ni cheti cha rubani binafsi, na hataruhusiwa kubeba watu au mizigo kwa malipo.

Utaratibu huanza kwa fomu ya kuomba uthibitisho, inayopelekwa katika ofisi ya vyeti ya FAA mjini Oklahoma City. Ofisi hiyo huiandikia mamlaka iliyotoa leseni ili kuhakikisha kwamba leseni ni ya kweli, ni hai, na haijasimamishwa. Kazi hiyo huchukua takriban siku 45 hadi 90. Baadhi ya mamlaka za Ulaya hazijibu mpaka rubani mwenyewe atoe idhini ya maandishi au alipe ada, na maombi mengi hukwama hapo bila mwombaji kujua. Jibu likija, FAA humtumia mwombaji barua inayodumu kwa miezi 6. Akiipata, hufika mbele ya afisa au mtahini aliyeidhinishwa, akiwa na leseni, cheti cha afya, kitambulisho na daftari lake la saa za kuruka, na hupewa cheti cha muda cha siku 120 wakati akisubiri kadi yenyewe kwa posta.

Cheti hiki kina udhaifu mmoja wa kuangaliwa. Kinategemea leseni iliyokizaa, na namba ya leseni hiyo huandikwa juu yake. Leseni ya Ulaya ikisimamishwa, cheti cha Marekani nacho huanguka. Hata rubani akihamisha tu leseni yake kutoka mamlaka ya nchi moja ya Ulaya hadi nyingine na kupewa namba mpya, atalazimika kuanza upya utaratibu wa uthibitisho. Anayefikiria kuhama mamlaka na afanye hivyo kabla ya kuomba, si katikati ya safari.

Pamoja na udhaifu huo, cheti hicho kina thamani kubwa. Kanuni za Marekani zinamtaka mwombaji wa cheti cha kibiashara awe tayari na cheti cha rubani binafsi cha Marekani, na hiki kinatosha kutimiza sharti hilo. Aliyepata idhini ya vifaa Ulaya anaweza pia kuongezewa idhini hiyo kwenye cheti chake, baada ya kufaulu mtihani mfupi wa maandishi uliotungwa mahususi kwa marubani wa kigeni.

Saa 250 na namna zinavyohesabiwa

Chini ya kanuni za Ulaya, mwanafunzi wa kozi ya mfululizo huweza kupata leseni ya kibiashara akiwa na saa 150 za kuruka, na anayesoma kwa awamu huhitaji 200. Sehemu ya 61 ya kanuni za Marekani inataka saa 250. Kwa hiyo rubani aliyetoka chuoni hivi karibuni hana budi kuongeza saa kwanza, na hizo hugharimu kodi ya ndege na mafuta. Aliyefanya kazi mwaka mmoja au miwili huwa amekwisha kuivuka idadi hiyo.

Hata hivyo, jumla pekee haitoshi. Katika saa hizo 250, saa 100 ziwe za kuwa rubani kiongozi, na 50 kati ya hizo ziwe za safari za kutoka kiwanja kimoja hadi kingine. Lazima pia ziwepo saa 10 za mafunzo ya vifaa na saa 10 katika ndege yenye mitambo tata au ya kisasa. Usiku, mwombaji sharti awe ameruka saa 5 katika hali ya kuona nje, akiwa peke yake au akitekeleza kazi za rubani kiongozi pamoja na mkufunzi, na awe amepaa mara 10 na kutua mara 10 katika kiwanja chenye mnara unaofanya kazi.

Sharti linalowakwaza wengi ni la safari ndefu. Ulaya na Marekani zote zinataka safari ya maili za baharini 300, yaani zaidi ya kilomita 550. Lakini Marekani inaongeza kwamba kituo kimojawapo kiwe umbali wa maili 250, yaani kilomita 463 kwa mstari ulionyooka, kutoka kiwanja cha kuondokea. Huo ni karibu sawa na mwendo wa anga kutoka Arusha hadi Dar es Salaam. Wanafunzi wengi wa Ulaya huikamilisha safari yao kwa kuzunguka pembetatu: jumla ya maili inatimia, lakini hakuna kituo kilicho mbali kiasi hicho. Safari hiyo itabidi irudiwe. Rubani ambaye bado yuko Ulaya, mwenye ndege na ratiba, anaweza kuipanga tangu mwanzo safari itakayoziridhisha kanuni zote mbili.

Namna ya kuandika saa nayo inatofautiana. Kwa kawaida ya Ulaya, saa alizoruka mtu akiwa na mkufunzi huandikwa kuwa za mafunzo. Kanuni za Marekani humruhusu rubani mwenye cheti kinachomstahilisha kurusha ndege hiyo kuziandika kuwa za rubani kiongozi saa ambazo yeye peke yake alishika usukani. Ndiyo maana daftari la saa linafaa kupitiwa ukurasa kwa ukurasa na mkufunzi wa Marekani kabla ya kulipia saa yoyote ya ziada. Mara nyingine pengo linalodhaniwa kuwa kubwa ni dogo. Na mara nyingine pengo liko mahali ambapo hakuna aliyelitazamia.

Mafunzo yaliyotolewa na mkufunzi wa Ulaya aliyeidhinishwa na mamlaka yake hukubaliwa kuhesabiwa. Asichoweza mkufunzi huyo ni kuandika daftarini idhini ya mwanafunzi kwenda kufanya mtihani wa Marekani. Saini hiyo lazima itoke kwa mkufunzi mwenye cheti cha FAA. Aidha, angalau saa 3 za matayarisho ziwe zimefanyika katika miezi 2 ya kalenda iliyotangulia mwezi wa mtihani wa kuruka.

Mitihani miwili

Rubani wa Ulaya anayeyakumbuka masomo 13 ya nadharia ya leseni ya juu hushangaa kukuta kwamba Marekani inataka mtihani mmoja tu wa maandishi kwa cheti cha kibiashara. Una maswali 100 ya kuchagua jibu, na alama ya kufaulu ni asilimia 70. Ada yake ni takriban dola 175, na matokeo hudumu kwa miezi 24. Urahisi wa mtihani huo lakini usimdanganye mtu, kwani uzito umehamishiwa kwenye mtihani wa pili.

Mtihani wa pili hufanywa ana kwa ana na mtahini aliyeteuliwa na FAA. Huanza kwa mahojiano ya mdomo ambayo huweza kuchukua saa kadhaa. Mtahini huuliza sheria, hali ya hewa, mifumo ya ndege, na hasa mipaka ya kazi ya kulipwa: ni wakati gani rubani anaweza kumkodishia mtu huduma yake, na ni wakati gani anakuwa anaendesha shirika la ndege bila kibali. Rubani aliyelelewa katika kanuni za Ulaya hana budi kuisoma sehemu hii upya, kwa sababu haifanani na aliyoyazoea.

Kisha hufuata kuruka. Hapo hutakiwa mizunguko ambayo mtihani wa Ulaya hauna desturi ya kuidai. Mmoja ni kupanda huku ndege ikigeuka nyuzi 180 na kumalizia kwa mwendo wa polepole, karibu na kikomo ambapo bawa lingeacha kuibeba ndege. Mwingine ni kurudisha injini kwenye nguvu yake ya chini kabisa wakati ndege iko sambamba na njia ya kutua, kisha kugeuka na kugusa ardhi ndani ya futi 200 baada ya alama iliyochaguliwa, bila kuitangulia. Mazoezi hayo hayamshindi rubani mzuri, ila hayajifunzwi kwa siku moja.

Mazingira nayo ni mageni. Marekani ina viwanja takriban 5,000 vya matumizi ya umma, lakini karibu 500 tu ndivyo vyenye mnara wa kuongozea ndege. Kwingineko marubani hutangaziana wenyewe kwa redio mahali walipo na wanachokusudia. Shinikizo la hewa hutajwa kwa inchi za zebaki badala ya hektopaskali, na umbali wa kuona hutajwa kwa maili badala ya mita. Yote hayo hufanyika kwa Kiingereza, tena cha haraka. Kanuni zinamtaka mwombaji asome, aseme, aandike na aelewe Kiingereza, na afisa ana wajibu wa kuhakikisha hilo. Kwa rubani aliyezoea kutumia Kifaransa redioni katika viwanja vidogo vya Ufaransa, hili ni somo la kulianza mapema.

Afya, usalama na viza

Cheti cha afya cha Ulaya, hata kile cha daraja la kwanza, hakitoshi kwa kazi ya kulipwa chini ya cheti cha kibiashara cha Marekani. Mwombaji hupimwa upya na daktari aliyeidhinishwa na FAA na kupewa angalau cheti cha daraja la pili, kinachodumu miezi 12 kwa kazi za kibiashara. Madaktari wa aina hiyo wapo pia nje ya Marekani, ikiwemo Ulaya. Ni busara kupimwa kabla ya kulipia chochote kingine. Ugonjwa uliokwisha kukubaliwa na madaktari wa Ulaya unaweza kufunguliwa jalada jipya nchini Marekani, na jalada likipelekwa makao makuu, majibu huweza kuchelewa.

Suala la usalama lilikazwa baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001. Asiye raia wa Marekani anayetaka mafunzo ya cheti cha kwanza cha urubani, ya idhini ya vifaa, au ya ndege zenye injini zaidi ya moja, hana budi kuchunguzwa kwanza na Mamlaka ya Usalama wa Usafiri, TSA. Hata mwenye kadi ya kijani, yaani mkaazi wa kudumu, anahusika. Kwa kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2024, uchunguzi huo unaweza kudumu hadi miaka 5. Aidha, tangu mwaka 2025 wenye vyeti vya FAA na waombaji ambao anwani yao iko nje ya Marekani, bila anwani yoyote ndani ya nchi hiyo, wanatakiwa kumtaja wakala aliye Marekani wa kupokea nyaraka za kisheria kwa niaba yao.

Viza ni jambo jingine kabisa. Anayekwenda kusoma huhitaji viza ya mwanafunzi, kwa kawaida ya aina ya M au F, na chuo kilichoidhinishwa kupokea wanafunzi wa kigeni. Viza ya utalii haimruhusu mtu kujiandikisha katika kozi ya kumpatia cheti. Na cheti chenyewe kikishapatikana hakimpi rubani kibali cha kufanya kazi Marekani. FAA hupima uwezo wa kuruka. Haki ya kuajiriwa hutolewa na sheria za uhamiaji. Ahadi ya chuo chochote inayochanganya mambo hayo mawili ni ya kutiliwa shaka.

Wenye saa 1,500, na wasionazo

Barani Ulaya kijana mwenye saa zipatazo 200 huweza kukaa kiti cha kulia katika ndege kubwa ya abiria. Marekani hilo haliwezekani. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya abiria, safari namba 3407 ya shirika la Colgan Air, ilianguka karibu na mji wa Buffalo na kuua watu 50, mmoja wao akiwa nyumbani kwake. Marubani wake wawili walikuwa kila mmoja na zaidi ya saa 1,500, na uchunguzi uliangalia jinsi walivyoitikia onyo la ndege kupungukiwa mwendo. Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 2010, na tangu mwaka 2013 marubani wote wawili wa ndege za mashirika ya abiria yenye ratiba wanatakiwa wawe na cheti cha juu, ambacho kwa kawaida huhitaji saa 1,500.

Kwa hiyo cheti cha kibiashara peke yake hakifungui mlango wa mashirika makubwa. Kinafungua kazi za kuvuta mabango angani, kupiga picha za ardhi, kuwapandisha wanaoruka kwa miavuli, na, baada ya mitihani mingine, ualimu wa urubani. Ndiyo ngazi ambayo vijana wengi wa Marekani huipanda kutoka saa 250 hadi 1,500. Asiye na idhini ya vifaa hubanwa zaidi: hawezi kubeba abiria kwa malipo usiku, wala katika safari za mbali zaidi ya maili za baharini 50.

Kwa upande mwingine, rubani mzoefu ana njia ambayo wengi hawaijui. Kanuni namba 61.153 inamruhusu mwenye leseni ya kibiashara ya kigeni iliyo na idhini ya vifaa, isiyowekewa mipaka ya kijiografia, kuomba moja kwa moja cheti cha juu cha Marekani bila kupitia cheti cha kibiashara. Lazima awe na umri wa miaka 23 na saa 1,500, zikiwemo 500 za safari za kiwanja hadi kiwanja, 100 za usiku na 75 za vifaa, na kwa ndege zenye injini zaidi ya moja ahudhurie kozi maalumu ya maandalizi kabla ya mtihani wa maandishi. Kwa rubani kama huyo, kulipia kwanza mafunzo ya cheti cha kibiashara ni kununua ngazi ya kufikia ghorofa ambayo tayari amekwisha kuifikia.

Mpangilio unaookoa fedha

Mambo yote haya yanaweza kupangwa kwa zamu. Kwanza rubani ajiulize ana saa ngapi. Akiwa na 1,500, atazame njia ya cheti cha juu. Akiwa chini ya hapo, apimwe afya na daktari wa FAA angali Ulaya, atume ombi la uthibitisho wa leseni mapema, na awasiliane mwenyewe na mamlaka yake ili jibu lisikwame. Wakati akisubiri, ajaze mapengo ya saa, hasa safari ile ndefu na kutua usiku, na ajisomee mtihani wa maandishi. Akishapata viza na, pale inapohitajika, kibali cha usalama, ndipo asafiri. Huko atahitaji mkufunzi wa kumwandalia mizunguko na kumpa saini, kisha mtahini. Ni vizuri siku ya mtahini itafutwe mapema, kwa kuwa katika maeneo mengi kuna foleni ndefu.

Kwa anayewaza kurejea Afrika Mashariki siku moja, kanuni ni ileile ya mwaka 1944. Ndege ya 9U, 5H au 5Y itamtaka rubani awe na leseni iliyotolewa au kukubaliwa na Burundi, Tanzania au Kenya, na kila mamlaka ina utaratibu wake wa kuzikubali leseni za nje. Shirika la Jumuiya ya Afrika Mashariki la kusimamia usalama wa anga, CASSOA, lenye makao Entebbe, linafanya kazi ya kuzilinganisha kanuni hizo, lakini saini bado ni ya nchi husika. Kwa sababu hiyo haifai kuiacha leseni ya Ulaya ikafa kwa kuwa ile ya Marekani imepatikana. Idhini ya ndege ndogo ya injini moja Ulaya huhuishwa kila miezi 24, na ile ya vifaa kila miezi 12. Kuzihuisha kwa wakati ni nafuu kuliko kuzifufua.

Kabla ya kutuma fedha kwa chuo chochote kinachotangaza "kubadilisha leseni", swali la kuuliza ni moja: mwisho wa kozi hii, nitakuwa na cheti gani, cha rubani binafsi au cha kibiashara, na kitategemea leseni yangu ya Ulaya au kitasimama chenyewe? Jibu lidaiwe kwa maandishi.